Maneno ya moto: mutumikaji mupya ajue nini mbele ya kutia sahihi

Saa kumi na moja ya asubuhi, kwenye vituo vya mabasi ya kompani huko Kolwezi, Likasi ao Fungurume, unawajua wapya bila kuuliza. Salopette ingali na mikunjo ya dukani, bote hazijaona matope, kasike inang'aa. Wengi hawakuandikwa na kompani yenyewe. Wameletwa na mashirika ya sous-traitance, kwa mukataba wa miezi mitatu ao sita. Siku ya kwanza wanaingizwa ndani ya chumba, wanaonyeshwa picha ukutani, mutu anasema kwa Kifaransa, pengine kwa Kiingereza ao Kichina na mwingine anatafsiri vile anaweza. Mwisho karatasi inazunguka na kila mumoja anatia sahihi. Karatasi ile inasema: nimefundishwa usalama, na nimeelewa.

Tuliuliza baadhi yao swali moja tu. King'ora cha moto kikilia, unafanya nini?

Kijana wa kwanza alijibu: « Banasema évacuation. Siye tunajua évacuer ni ya mugonjwa, kumupeleka ku Afrika Kusini ao ku India. Nitauliza mugonjwa ni nani. » Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyemusahihisha. Wa pili alisema atakamata ile chupa nyekundu. Alishaigusa? « Apana, papa. Ile ni ya bakubwa. Ukiigusa banakukata ku mushahara. » Wa tatu alisema atakimbia. Wapi? « Kwetu. »

Hawa si wajinga. Wawili kati yao wako na diploma ya Etat. Sisi tunaona kasoro iko mahali pengine: maneno ya moto yamebakia ukutani kwa lugha ya darasa, na kazi inafanywa kwa Kiswahili. Moto ukitokea hakuna wakati wa kutafsiri. Ndiyo maana leo tunayashusha maneno yale moja moja, na tunayapanga kwa namna mutumikaji atakavyoyahitaji, hata kama kitabu cha mafundisho kinayapanga namna nyingine.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu moto ni moto. Wa mbabula ni moto, nyumba ikiungua ni moto, chai iko moto, na siku hizi hata pikipiki ni moto: « nimekuja na moto ». Wafaransa wametenganisha. « Feu » ni moto wowote, hata ule wa kupikia. « Incendie » ni ule uliotutoka mukononi. Na katikati wameweka « départ de feu », moto unaoanza, ambao ukubwa wake haupiti kikapu cha kutupia karatasi. Mutumikaji wa kawaida anaombwa kupigana na huu wa katikati tu. Ukishafika kimo chake mwenyewe, ao moshi ukishaanza kujaza chumba, kazi yake imekwisha na ile ya pompier imeanza. Wapya wengi hawaelezwi mupaka huu. Wanafikiri shujaa ni yule aliyebakia mwisho.

Hata kwa ule mudogo, kinachotangulia ni sauti. Piga kelele, bonyeza kitufe cha alarme, ita kwa redio ao kwa namba iliyoandikwa nyuma ya badge. Anza na mahali: sehemu gani, ngazi ya ngapi, karibu na mashini gani. Kisha sema kinachoungua na kama kuna mutu ndani. Ukianza na habari ndefu na redio ikakatika, pompier wanabakia na habari bila kujua pa kwenda.

Sasa « triangle du feu ». Ukutani ni alama ya pembe tatu yenye maneno « combustible », « comburant » na « énergie d'activation », na ni hapa wengi wanaanza kusinzia. Mama zetu wanaijua bila kuisoma: ni mafiga matatu. Figa la kwanza ni kitu kinachoungua: mbao, mafuta, kitambaa, gazi. La pili ni hewa, yaani oksijeni iliyo ndani yake, ambayo kwa kawaida ni sehemu 21 kwa 100. La tatu ni joto la kuanzisha: cheche, sigara, waya uliochubuka, bearing iliyokosa grisi. Ondoa figa moja, chungu kinaanguka. Kila namna ya kuzima moto inaondoa figa moja. Maji yanaondoa joto. Kifuniko cha sufuria kinaondoa hewa. Kufunga vane ya mafuta kunaondoa kinachoungua. Mutumikaji akijua hili, hata asipokumbuka jina la chupa, atajiuliza swali lenye maana: hapa naweza kuondoa figa gani bila kufa?

Kuna mufano mumoja ambao kila mutu wa mugodi angepaswa kuusikia. Tarehe 8 Agosti 1956, kwenye mugodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, huko Marcinelle nchini Ubelgiji (wakati ule Wabelgiji walikuwa wangali wanatawala hapa kwetu), asubuhi baada ya saa mbili, kigari kimoja kilisukumwa vibaya ndani ya cage ya kupandisha makaa, kwenye ngazi ya metre 975 chini ya udongo. Watu wa chini na wa juu hawakuelewana juu ya saa ya kuipandisha. Cage iliondoka na kigari kikiwa kimetokeza nje. Kiligonga mbao ya chuma, na mbao ile ikakata bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa ya compresseur. Hesabu wewe mwenyewe: mafuta yakanyunyizwa, umeme ukatoa cheche, hewa ikapuliza. Mafiga matatu yalifika pamoja mahali pamoja. Walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia waliokuja kutafuta kazi.

Wengi wao hawakuguswa na ndimi za moto. Shimo lile ndilo lililokuwa linaingiza hewa safi mugodini, na hewa ileile ikabeba moshi mupaka kwenye vituo vya kazi vya mbali, kwa watu ambao hawakusikia kelele yoyote. Kilichowaua ni gazi ya monoksidi ya kaboni, CO. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikamana na damu kuliko oksijeni, kwa nguvu inayopita mara 200, na mutu anakaa chini kupumzika kidogo, kisha haamki.

Kwa hiyo neno ambalo tungeliweka mbele ya « moto » ni moshi. Ukiingia moshi, shuka: hewa nzuri zaidi iko karibu na sakafu. Tembea ukigusa ukuta kwa mugongo wa mukono, si kwa kiganja, juu kiganja kikigusa waya wa umeme kitaufunga na kuushika. Usifungue mulango bila kuupima kwanza: mulango wa moto mukali unaonyesha hali ya upande wa pili. Na ukiufungua ghafula kwenye chumba ambamo moto umekosa hewa, unaurudishia figa lake. Pompier wanaiita « explosion de fumées », na imewaua hata wao.

Chini ya udongo, sanduku dogo lililo kwenye mukaba linaitwa « auto-sauveteur ». Wapya wanalifikiri ni mapambo, wengine wanalikalia kama kiti. Kuna namna mbili. Moja inachuja CO tu, haitoi hewa. Mahali ambapo oksijeni imekwisha haikusaidii. Nyingine inatengeneza oksijeni yenyewe kwa kemikali. Sherti ujue yako ni ipi. Na zote mbili zinafanana kwa jambo moja ambalo limepoteza watu: zikifanya kazi zinapata moto, hewa unayovuta inakuwa kavu na kali kinywani. Mutu ambaye hakufundishwa anafikiri imeharibika, anaitoa. Joto lile njo alama kwamba inakuokoa. Usiitoe mupaka utoke nje ao ufike kwenye chumba cha kujihifadhi, kile kinachoandikwa « refuge ».

Gazi hii haiko kwenye kompani kubwa tu. Wachimbaji wa mukono, ba creuseur, wanaijua kwa jina lingine: « hewa imekwisha ». Wakishusha motopompe ya essence ndani ya shimo ili kutoa maji, ao wakichoma matairi chini ili jiwe lipasuke, wanatengeneza CO kwenye chumba kisicho na dirisha. Mashini ya essence haishuki shimoni. Inabakia juu, upande ambao upepo unapeleka moshi wake mbali na mudomo wa shimo. Na mwenzako akianguka chini bila sababu inayoonekana, usimufuate mbio. Wa pili anaanguka palepale, na wa tatu. Kamba na hewa vitangulie.

Tena iko nyumbani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi na Kolwezi ikishika, familia inaingiza mbabula ya makala chumbani, inafunga dirisha, inalala. Makala mekundu hayana moshi, ndiyo maana watu wanayaamini. Lakini hapo CO inatoka nyingi. Mugodi wa Marcinelle na chumba cha metre tatu kwa tatu huko Kenya ao Manika vinaua kwa gazi moja.

Turudi kwenye chupa nyekundu, « extincteur ». Chupa zote ni nyekundu, na hili ndilo linalodanganya. Cha kuangalia ni herufi. A ni kwa vitu vikavu vinavyoacha makaa: mbao, karatasi, kitambaa, tairi. B ni kwa vitu vya maji-maji vinavyoungua: essence, mazout, rangi. C ni kwa gazi. D ni kwa metali, F ni kwa mafuta ya kukaangia. Unga ulioandikwa ABC unafaa mahali pengi. Chupa ya CO2 inafaa kwa B na kwa sanduku la umeme, lakini usishike koni yake kwa mukono mutupu, gazi inatoka na baridi ya kuunguza ngozi, na ndani ya chumba kidogo inafukuza hewa yako wewe pia. Ukiisha kuitumia, toka. Maji ni ya A peke yake. Maji juu ya umeme yanakurudishia umeme. Maji juu ya mafuta yanayoungua yanazama chini yake, yanachemka mara moja, na litre moja inakuwa muvuke wa litre karibu 1.700: mafuta yanaruka mupaka dari. Mama mwenye sufuria ya mafuta inayowaka anahitaji kifuniko, si ndoo.

Kuitumia ni kazi ya dakika moja kujifunza, na dakika ile haitolewi. Vuta goupille. Jaribu kidogo mbele ya kukaribia, ili usigundue kwamba iko tupu ukiwa tayari mbele ya moto. Simama na upepo mugongoni, mulango pia nyuma yako. Elekeza chini, pale moto unapotokea, si kwenye ndimi zinazocheza juu. Pepeta kushoto na kuume. Chupa ya kilo 6 inakwisha kwa sekunde kama 15. Hesabu mupaka 15 pole pole na utaona: huo ndio muda wote ulio nao. Ikikwisha na moto ungali, toka. Ukizima, rudi nyuma ukiutazama, juu moto wa mafuta unajua kuamka.

Na lile la kukatwa mushahara? Tumelisikia mahali zaidi ya pamoja. Tunasema wazi: shefu anayetisha watu juu ya chupa amezitoa chupa zote kazini, hata kama zingali ukutani.

Sasa barabara. Kutoka Kasumbalesa mupaka Kolwezi, barabara imejaa kamyo za mafuta, za soufre na za asidi, na zinapita kati ya nyumba zetu, kati ya masoko. Tarehe 20 Februari 2019, kamyo ya asidi iligongana na magari mengine kwenye njia ya kati ya Kolwezi na Lubumbashi, na watu karibu 20 walikufa. Asidi si moto, lakini inaunguza kupita moto, na mutu aliyemwagiwa anahitaji maji mengi sana, kwa muda murefu, nguo zikitolewa. Ndoo moja haitoshi.

Kwa mafuta, somo letu liko Sange, kwenye Bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini. Tarehe 2 Julai 2010 usiku, kamyo ya mafuta ilianguka kando ya barabara. Watu walikuja na bidon, wengine walikuwa karibu hapo wanatazama mupira wa Kombe la Dunia. Walikufa zaidi ya 230. Miaka nane baadaye, tarehe 6 Oktoba 2018, huko Mbuba kwenye njia ya Matadi na Kinshasa, kamyo nyingine, watu wapatao 50.

Watu wanasema ilikuwa tamaa. Sisi hatupendi neno lile. Bidon ya litre 20 ni chakula cha wiki. Lakini kuna jambo ambalo waliokuja na bidon hawakuambiwa: essence haiungui yenyewe, kinachoungua ni muvuke wake. Muvuke ule unatoka hata kwenye baridi ya kugandisha, ni muzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji, unafuata mutaro, unaingia ndani ya nyumba kwa chini ya mulango. Hauuoni. Unaweza kukutana na mbabula ya mama anayekaanga mikate mbali na kamyo, na moto ukarudi kwa njia ileile mupaka kwenye tanki. Kwa hiyo kuwaambia watu « musivute sigara » hakutoshi. Telefone, moteri ya pikipiki, makala ya jirani, vyote ni figa la tatu. Mazout ni tofauti kidogo, inahitaji kupashwa zaidi ya degre 55 mbele ya muvuke wake kushika, lakini usiku, kando ya barabara, nani anajua kamyo imebeba nini? Angalia upepo, ondoka kwa kuupa kifua, si mugongo, na peleka watoto kwanza.

Upepo huo huo ni neno kubwa kwa soufre, ule unga wa njano unaoingia kwa kamyo na kwa treni ili kutengeneza asidi ya kuyeyusha shaba na kobalti. Wazee wa Kiswahili waliuita kiberiti, jina lile tunalolipa njiti za kuwashia, na hawakukosea. Soufre inashika moto kwa urahisi, inayeyuka kwa degre kama 115 na kutiririka ikiwaka, na ndimi zake ni za bluu hafifu: muchana kwenye jua unaweza kukanyaga moto bila kuuona. Mutu anagundua kwa harufu inayokaba koo. Ile ni SO2, nayo pia ni nzito, inatafuta mabonde na vyumba vya chini. Wapya wanaona moto mudogo kwenye rundo la unga, wanaleta bomba lenye nguvu. Hapo bomba linarusha vumbi hewani, na vumbi la soufre hewani linalipuka. Maji yanayofaa ni yale ya manyunyu, kama mvua ndogo, kwa mutu aliyevaa kifaa cha kupumulia. Asiye nacho aende upande unaotoka upepo, akae huko.

Kwenye usine ambamo shaba inatengwa kwa kemikali, « extraction par solvant », kuna mabwawa makubwa ya mafuta yanayofanana na pétrole ya taa. Kwa kuwa hayashiki haraka kama essence, watu wanayazoea, wanapangusia mikono. Olympic Dam, mugodi mukubwa wa shaba na uranium huko Australia, uliungua kwenye sehemu hii mwaka 1999, na tena mwaka 2001. Mafuta yale yakipita mbio ndani ya bomba la plastiki yanaweza kujenga umeme unaoruka, ule unaokupiga ukivua nguo ya nailoni; na yakirushwa kama ukungu ao yakilowesha kitambaa, hayangoji joto kubwa. Kule hakuna chupa ya kilo 6 inayosaidia. Kuna mousse, kuna timu, kuna mulango. Na salopette iliyolowa mafuta haisogelei mbabula ya nyumbani wala haikaushwi karibu nayo. Ba mama wanaofua, hili ni lenu: mukisikia harufu ya pétrole kwenye nguo, iwekeni nje kwanza.

Limebakia « permis de feu ». Wapya wanaotumika na wa-soudeur wanafikiri ni karatasi ya kupoteza wakati. Ni ruhusa ya kuleta figa la tatu mahali ambapo mawili yako tayari. Inauliza: nini kiko chini ya mahali unapokata chuma, nini kiko nyuma ya ukuta, ndani ya tanki lile kulikuwa nini, chupa iko wapi, na nani atabakia. Swali la mwisho njo lenye kudharauliwa. Cheche inaweza kuingia kwenye mpira wa convoyeur ao kwenye kitambaa, ikalala humo, na moto ukatoka watu wakiwa kwenye basi. Kwa hiyo mutu mumoja abakie akitazama, masaa 2 kwa uchache. Mwenye kubakia mara nyingi ni yule mupya, na haambiwi anatazama nini.

Na « évacuation », ambayo kijana wetu aliitafutia mugonjwa: ni kutoka wote, kwa njia iliyopangwa, bila kurudi kuchukua telefone wala gamelle, mupaka « point de rassemblement », mahali pa kuhesabiwa. Si kwenu. Ukipita moja kwa moja nyumbani, umeokoka wewe, lakini kwenye karatasi ungali ndani, na kuna watu watakaoingia katika moshi kukutafuta. Ni kwa sababu ileile jeton ao kadi inayotundikwa kwenye mudomo wa mugodi haiachiwi rafiki akutundikie. Rafiki akikosea, pompier wanamutafuta mutu aliye kitandani, ao hawamutafuti yule aliye chini.

Nani afundishe haya? Ukiuliza kompani, inasema ni kazi ya sous-traitant aliyemuajiri. Ukiuliza sous-traitant, anasema mitambo si yake, chupa si zake, king'ora si chake. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamupa mwajiri mzigo wa usalama kazini. Sheria ya Februari 2017 juu ya sous-traitance ilikuja kuwapa Wakongomani nafasi ya kazi hizo, na hilo ni jema. Lakini mukataba wa miezi mitatu unafanya hesabu mbaya: siku moja ya mafundisho ni gharama, na mutu anaondoka mbele ya kuizoea njia ya kutokea. Mwingine anakuja, karatasi nyingine inazunguka. Tunaona mwenye mitambo ndiye anayejua kinachoweza kuungua ndani yake, kwa hiyo yeye ndiye aseme, kwa lugha ya wale wanaoingia, hata kama mushahara wao unapitia kwa mwingine. Kiswahili hakikosi maneno hayo. Kinakosa mutu wa kuyaandika chini ya yale ya Kifaransa kwenye ubao uleule.

Kwa wakati huu, mutumikaji mupya aliye na kalamu mukononi anaweza kuuliza mambo manne mbele ya kutia sahihi. King'ora cha hapa kinalia namna gani, nikisikie sasa? Chupa iliyo karibu na kituo changu iko na herufi gani? Njia ya pili ya kutokea ni ipi, kama ya kwanza imejaa moshi? Mahali pa kuhesabiwa ni wapi kwa zamu ya usiku, umeme ukiwa umekatika? Anayefundisha kweli atasimama, atafungua mulango na kuonyesha kwa kidole. Mazoezi mengi tuliyosikia habari zake yalifanywa saa nne ya asubuhi, wageni wakiwapo. Tungependa kusikia habari ya moja lililofanywa saa nane ya usiku.